Damu ya Mtoto Kabla ya Kuzaliwa

Mtoto aliye tumboni haishi kwa damu ya mama yake. Huishi kwa damu aliyoitengeneza mwenyewe tangu tone la kwanza. Katika kondo la nyuma damu mbili hupita jirani bila kuchanganyika: ya mama huogesha vijidole vya kondo kwa nje, ya mtoto hutiririka ndani ya vijidole hivyo, na katikati upo ukuta mwembamba unaopitisha oksijeni, sukari, madini na kingamwili. Chembe za damu hazipiti, isipokuwa chache zinazopenya kwenye nyufa. Ndiyo maana mama wa kundi O anaweza kubeba na kuzaa mtoto wa kundi A au B. Mama hutoa malighafi. Kiwanda ni cha mtoto.

Kazi ya kiwanda hicho si ndogo. Mtoto wa kilo tatu huzaliwa na takriban robo lita ya damu, na kila milimita moja ya ujazo wa damu hiyo ina karibu chembe nyekundu milioni tano. Zikijumlishwa zote zinapita trilioni moja, na hizo ni zile zilizo hai siku ya kuzaliwa tu, bila kuhesabu zilizokwisha kuzeeka na kuondolewa njiani. Zaidi ya hapo, kiwanda chenyewe huhama. Huanzia nje ya mwili wa kiinitete, kikaingia kwenye ini, kikapita wengu, kikaishia ndani ya mifupa, na katika kila kituo chembe zinazotoka hazifanani kabisa na zilizotangulia.

Kabla ya kufuata safari hiyo, hesabu ya muda ifafanuliwe. Kliniki ya wajawazito huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wanaochunguza kiinitete huhesabu tangu mimba kutungwa. Tofauti ya hesabu hizo ni kama wiki mbili, na imewachanganya wasomaji wengi wa vitabu vya tiba. Hapa siku zinahesabiwa tangu kutungwa kwa mimba, na wiki zinahesabiwa kama kliniki inavyofanya.

Chembe nyekundu za kwanza huonekana kati ya siku ya 16 na ya 19, wakati mama pengine ndiyo kwanza ameanza kushangaa kuchelewa kwa hedhi. Hazitokei ndani ya kiinitete bali katika ukuta wa kifuko cha kiiniyai, kijifuko kinachoning'inia chini yake. Kwa kuku kifuko hicho kimejaa kiini cha njano kinachomlisha kifaranga mpaka aanguliwe. Kwa binadamu hakina akiba ya chakula ya kutajika, lakini mwili haukukitupa. Ulikipa kazi nyingine, na kutengeneza damu ni mojawapo. Katika ukuta wake seli hujikusanya katika mafungu madogo yanayoitwa visiwa vya damu. Seli za pembeni hujinyoosha zikawa ukuta wa mishipa, za katikati zikawa chembe za damu. Moyo huanza kupiga karibu siku ya 22. Kwa hiyo damu huutangulia moyo, na pigo la kwanza hukuta chembe zikiwa tayari zinasubiri kusukumwa.

Haraka hiyo ina sababu yake. Kiinitete kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, oksijeni hupenya yenyewe kutoka seli hadi seli. Kikishaongezeka kwa milimita chache, seli za ndani haziwezi kufikiwa kwa njia hiyo, na kukosekana kwa chombo cha kuibeba oksijeni ni mauti. Chembe za wimbi hili la kwanza ni za dharura. Ni kubwa mno, na zina kiini ndani yake kama zilivyo chembe nyekundu za ndege, vyura na samaki. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba hufa zikiwa bado na viini vyao. Uchunguzi wa karibuni zaidi umeonyesha kwamba zinapokomaa nazo huvitoa, na kwa binadamu sehemu ya kazi hiyo hufanyika ndani ya kondo la nyuma, zikisaidiwa na makrofaji, yaani seli kubwa zinazomeza taka. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu wimbi hili limekwisha kazi.

Kifuko cha kiiniyai hutoa pia wimbi la pili, la seli changa zinazohamia kwenye ini na kuanzisha uzalishaji huko. Hata hivyo seli hizo hazidumu. Damu ya maisha yote inahitaji seli shina, yaani seli zinazoweza kujizaa zenyewe bila kikomo na wakati huohuo kuzaa aina zote za chembe za damu. Kuhusu zilikotoka seli shina hizo palikuwa na ubishi mrefu. Mpaka miaka ya 1970 dhana iliyotawala ilisema kwamba nazo zimetoka kwenye kifuko cha kiiniyai. Mwaka 1975, nchini Ufaransa, Françoise Dieterlen-Lièvre alipandikiza kiinitete cha kware juu ya kifuko cha kiiniyai cha kuku. Seli za kware na za kuku hutofautiana chini ya hadubini, kwa hiyo chembe ya damu iliweza kuulizwa asili yake. Damu ya kudumu ya kiumbe yule ilikuwa ya kware: ilitoka mwilini, si kifukoni. Ni jaribio lililotumia vifaa vya kawaida kabisa, na bado ni miongoni mwa majaribio mazuri kupita yote katika elimu ya viinitete.

Kwa binadamu mahali penyewe ni ukuta wa chini wa aota, mshipa mkuu wa damu. Karibu siku ya 27 baadhi ya seli za ukuta huo huvimba, hujitenga na jirani zake, hukusanyika katika vishada vidogo ndani ya mshipa, kisha huachia na kuchukuliwa na mkondo. Tukio hili hudumu kama wiki mbili tu, halafu aota haizai tena damu katika maisha yote. Kila chembe nyekundu ya mtu mzima, hata wa miaka 80, ni kizazi cha vishada vile.

Seli zilizochukuliwa na mkondo hutua kwenye ini. Ini la kijusi halifanani kikazi na la mtu mzima. Usagaji wa chakula bado haupo, na sumu nyingi huondolewa na mama kupitia kondo, kwa hiyo kiungo hicho kikubwa chenye damu tele kina nafasi ya kupokea wageni. Tangu mwezi wa tatu hadi karibu wiki ya 24, ini ndilo kiwanda kikuu. Likikatwa na kutazamwa kwa hadubini, chembe changa za damu huonekana zimejaa kati ya seli za ini lenyewe kiasi cha kuzisonga.

Ndani ya ini chembe hukomaa kwa mpangilio ambao Mfaransa Marcel Bessis aliueleza mwaka 1958. Makrofaji mmoja hukaa katikati, na chembe changa humzunguka zikiwa zimemshika. Zinapokomaa hugawanyika mara kadhaa, hupungua ukubwa na kujaza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Hatimaye kila chembe hukisukuma kiini chake upande mmoja, hukitenga kwa utando mwembamba na kukitupa nje, na makrofaji hukimeza papo hapo. Kinachobaki ni kifuko laini chenye umbo la kisahani, kisichoweza kugawanyika wala kutengeneza protini mpya, lakini kinachojikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko chenyewe. Huko ndiko kukomaa kwa chembe nyekundu: kuacha karibu kila kitu isipokuwa mzigo wake.

Wengu nao hutengeneza chembe nyekundu kati ya mwezi wa tatu na wa sita, ingawa mchango wake kwa binadamu ni mdogo. Kazi yake kubwa huja baadaye, ya kuchuja chembe zilizozeeka.

Mifupa mingi huanza kama gegedu, haina uwazi ndani. Mishipa ya damu inapopenya na kuchimba, nafasi hupatikana, na kati ya wiki ya 11 na ya 15 chembe za kwanza huonekana kwenye uboho. Mwanzoni uboho huzalisha zaidi chembe nyeupe. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba hulishinda ini, na mtoto anapozaliwa mifupa yake yote, hata ya vidole, imejaa uboho mwekundu. Mtu mzima amebakiwa nao hasa kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kifua na fuvu. Kwingine umegeuka mafuta. Ini haliisahau kazi yake ya zamani mara moja. Kijusi kinapopungukiwa sana damu, ini na wengu hurudi kuzalisha kwa nguvu na kuvimba, na mtoto akizaliwa na viungo hivyo vikiwa vikubwa, daktari hulichukulia jambo hilo kama dalili ya shida iliyoanza tumboni.

Takwimu za damu ya kijusi kilicho hai zilikuwa adimu mpaka mwaka 1983, Fernand Daffos na wenzake wa Paris walipoanza kuchukua damu kwenye kitovu kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha ya ultrasaundi. Kutokana na vipimo vya aina hiyo inajulikana kwamba kati ya wiki ya 18 na ya 21 kijusi kina chembe nyekundu kama milioni 2.7 kwa kila milimita ya ujazo, yaani karibu nusu ya zile za mtu mzima. Kila chembe lakini ni kubwa: ujazo wake ni kama femtolita 130, ilhali ya mtu mzima ni 90 hivi. Kadiri wiki zinavyosonga idadi huongezeka na ukubwa hupungua. Kiwango cha himoglobini, kile ambacho kliniki hukiita wingi wa damu, ni gramu 11 hadi 12 kwa desilita katikati ya mimba, kisha hupanda mpaka 16 au 17 siku ya kuzaliwa. Kiwango hicho huwazidi watu wazima wengi, na humzidi sana mama mwenyewe, ambaye maji ya damu yake yameongezeka na kumshushia kiwango.

Kijusi kinahitaji wingi huo kwa sababu oksijeni inayokifikia ni kidogo. Katika mishipa ya mama shinikizo la oksijeni ni karibu milimita 100 za zebaki. Katika mshipa wa kitovu unaomrudishia mtoto damu iliyotoka kondoni, ni kama 30 tu. Joseph Barcroft wa Cambridge, aliyechunguza damu juu ya milima ya Peru kabla ya kugeukia vijusi vya kondoo, alilinganisha hali hiyo na ya mtu aliye kwenye kilele cha Everest. Mtu mzima angezimia. Kijusi kinakua, na siri mojawapo imo katika himoglobini yake.

Himoglobini hujengwa kwa minyororo minne ya protini, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine, na kila mnyororo hushika chembe moja ya chuma. Jeni za aina ya kwanza zimo kwenye kromosomu ya 16, za aina ya pili kwenye kromosomu ya 11, na katika kromosomu zote mbili jeni zimepangwa kwa utaratibu uleule ambao zitatumika kwa wakati: za kiinitete mwanzoni, za kijusi zikifuata, za mtu mzima mwishoni. Chembe za kifuko cha kiiniyai hutumia minyororo ya zeta na epsiloni, na himoglobini zake zimepewa majina ya Gower na Portland. Ini linaposhika usukani, zeta huipisha alfa na epsiloni huipisha gama. Alfa mbili na gama mbili ndizo himoglobini ya kijusi, inayoandikwa kwa herufi F. Hiyo hutawala kuanzia mwezi wa tatu na kufikia sehemu tisa kwa kumi ya himoglobini yote katikati ya mimba. Himoglobini ya mtu mzima, yenye alfa na beta, ipo kwa kiasi kidogo tangu mapema, lakini huanza kupanda hasa baada ya wiki ya 30.

Upekee wa himoglobini F uligunduliwa kabla ya kueleweka. Mwaka 1866 Körber, mwanafunzi wa udaktari huko Dorpat, alitia magadi makali kwenye damu ya watu wazima na ya watoto wachanga. Ya wakubwa iliharibika upesi; ya wachanga ilistahimili. Tabia yenye manufaa zaidi kwa mtoto ni nyingine: F huishika oksijeni kwa nguvu kuliko himoglobini ya mama. Himoglobini ya mtu mzima hujaa nusu pale shinikizo la oksijeni linapofika 26 au 27. Damu ya kijusi hufikia nusu hiyo kwenye 19 au 20. Tofauti inatokana na kitu kidogo sana. Ndani ya chembe nyekundu mna kemikali iitwayo bifosfoglisereti, ambayo hujipachika katikati ya himoglobini na kuilazimisha iachie oksijeni. Kwenye mnyororo wa gama, nafasi ya 143 ina asidi amino ya serini badala ya histidini iliyopo kwenye beta, na kwa sababu hiyo kemikali ile haipati pa kushikilia vizuri. Damu mbili zinapokaribiana kondoni, oksijeni huelekea upande wa mtoto.

Kasi ya kiwanda huongozwa na homoni ya erithropoietini. Kwa mtu mzima hutengenezwa na figo pindi oksijeni inapopungua. Kwa kijusi hutoka zaidi kwenye ini, na figo huipokea kazi hiyo taratibu kuelekea kuzaliwa na baada yake. Homoni ya mama haivuki kondo. Hivyo kijusi hujipimia chenyewe uhaba wa oksijeni na kujipangia uzalishaji. Mama mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au anayevuta sigara, au ambaye kondo lake limechoka, huweza kumzaa mtoto mwenye damu nzito kupita kiasi, kwa kuwa kijusi kilijibu uhaba wa muda mrefu kwa kuongeza chembe. Wekundu huo wa mtoto unaweza kuwafurahisha ndugu, lakini mkunga mzoefu huutilia shaka.

Malighafi ndiyo inayotoka kwa mama, na chuma ni ya kwanza. Kondo huivuta kutoka kwenye damu yake na kumpelekea mtoto kwa mkondo wa upande mmoja, hata pale mama mwenyewe anapopungukiwa, ingawa upungufu mkubwa humfikia na mtoto. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na miligramu 75 hivi za chuma kwa kila kilo ya uzito, robo tatu yake ikiwa ndani ya himoglobini. Theluthi mbili ya chuma hiyo hupokelewa katika miezi mitatu ya mwisho. Mimba nzima inamdai mama karibu gramu moja ya chuma: kama miligramu 300 za mtoto na kondo, nyingine takriban 500 za kuongeza chembe zake mwenyewe, na zilizobaki kufidia anazopoteza kila siku. Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, ambavyo ndivyo vidonge vya kuongeza damu vinavyogawiwa kliniki. Foliki ni ya kujengea jeni. Bila hiyo chembe changa hazigawanyiki sawasawa. Palipo na malaria dozi yake ina umuhimu wa pekee, kwa sababu SP, dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kwa wajawazito, hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea foliki, na foliki ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha dawa hiyo.

Kiwanda kinaweza pia kushambuliwa. Mama mwenye damu ya Rh hasi akiingiwa na chembe za mtoto wa Rh chanya, hasa wakati wa kujifungua, mwili wake hutengeneza kingamwili. Mtoto huyo huwa amekwisha kuzaliwa; anayeumia ni wa mimba inayofuata, maana kingamwili hizo huvuka kondo na kuvunja chembe zake. Ini na wengu huzidisha uzalishaji, chembe changa zenye viini hutolewa kabla ya kukomaa, na mwisho moyo hushindwa na mwili kuvimba maji. Afrika Mashariki wenye Rh hasi ni wachache kuliko Ulaya, ambako ni karibu watu 15 katika 100, lakini uchache huo ndio unaofanya wasahaulike. Sindano ya anti-D, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, huzikamata chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazitambua. Wingi wa chembe zilizopenya hupimwa kwa njia ya Kleihauer na Betke ya mwaka 1957: tone la damu ya mama huoshwa kwa asidi, himoglobini ya mama huyeyuka, F hubaki, na chembe za mtoto huonekana nyekundu katikati ya vivuli vyeupe.

Kirusi cha parvo B19 hufanya vingine. Chenyewe kwa watoto wa shule ni homa na vipele vya mashavuni tu. Kikivuka kondo hujipachika kwenye chembe changa nyekundu na kuziua, uzalishaji ukasimama. Kwa kuwa katikati ya mimba damu inahitajika kwa wingi na chembe za kijusi haziishi muda mrefu, kusimama kwa wiki chache kunatosha kukiangusha kijusi. Na kusini-mashariki mwa Asia kuna familia ambazo mtoto hurithi kukosa jeni zote nne za alfa. Himoglobini ya F haijengeki bila alfa. Gama nne hukutana zenyewe, hushika oksijeni na kukataa kuiachia.

Upungufu wa damu wa kijusi ulikuwa hauonekani mpaka uwe umekithiri. Tangu mwaka 2000, Giancarlo Mari na wenzake walipochapisha vipimo vyao, hutambuliwa bila sindano. Damu iliyopungua chembe ni nyepesi na hukimbia, na kasi yake katika mshipa wa katikati wa ubongo wa kijusi hupimwa kwa ultrasaundi. Ikizidi mara moja na nusu ya kawaida ya wiki hiyo, upungufu ni mkubwa. Tiba ni kumwongezea damu akiwa humohumo tumboni, jambo ambalo William Liley wa Auckland, New Zealand, alikuwa wa kwanza kulifanikisha, mwaka 1963. Yeye aliiingiza damu kwenye tumbo la kijusi, ikanyonywa polepole; siku hizi hupitishwa moja kwa moja kwenye mshipa wa kitovu.

Wakati wa kuzaliwa, karibu theluthi moja ya damu ya mtoto bado iko upande wa kondo. Kitovu kikibanwa papo hapo, damu hiyo hutupwa pamoja na kondo. Shirika la Afya Duniani linashauri kisibanwe kabla ya dakika moja, na kati ya dakika moja na tatu ndipo pazuri. Mtoto huongezewa mililita 80 hadi 100 na chuma ya kumsaidia kwa miezi kadhaa. Ni hatua isiyogharimu kitu, na kwa nchi zenye upungufu mkubwa wa damu kwa watoto inastahili kusisitizwa kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Mapafu yakianza kazi, oksijeni hupanda ghafla na erithropoietini hushuka karibu na sufuri. Kiwanda hupunguza kasi. Chembe zilizopo hazina maisha marefu: ya mtu mzima huishi siku 120, ya mtoto mchanga 60 hadi 90, ya njiti huweza kuishi chini ya 50. Kwa hiyo himoglobini hushuka mpaka gramu 11 au pungufu kidogo kati ya wiki ya 8 na ya 12, kisha figo huamka na kuipandisha tena. Kushuka huko si ugonjwa. Njiti lakini hushuka mapema na chini zaidi, kwa sababu alizaliwa kabla ya kupokea chuma ya miezi ya mwisho, anakua haraka, na hospitali humpunguzia damu nyingine kwa vipimo.

Himoglobini F, ambayo ni asilimia 60 hadi 80 siku ya kuzaliwa, hupungua mpaka chini ya mbili katika mwaka wa kwanza. Kuzaliwa sicho kinachoanzisha badiliko hilo. Njiti aliyezaliwa wiki ya 28 hubadilisha karibu na umri uleule ambao angebadilisha kama angebaki tumboni, kana kwamba seli zina saa yake. Sehemu ya saa hiyo ilipatikana mwaka 2008, ilipothibitishwa kwamba protini ya BCL11A ndiyo inayoifunga jeni ya gama.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulifuatilia jambo hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Kasoro ya ugonjwa wa selimundu imo kwenye mnyororo wa beta, na himoglobini F haina beta. Kijusi chenye selimundu hakiumwi. Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, aliona mwaka 1948 kwamba wachanga wenye ugonjwa huo wana chembe chache sana zilizopinda, akahisi kwamba himoglobini ya kijusi ndiyo inayowalinda. Maumivu, kuvimba kwa vidole na kupungukiwa damu huanza kati ya mwezi wa tano na wa sita na kuendelea, F inapokuwa imepungua. Mwaka 1958 G. F. Jacob na A. B. Raper walieleza familia za Uganda ambazo F haikuondoka utotoni, na waliorithi hali hiyo pamoja na selimundu hawakuugua kama wengine. Nchini Tanzania, ambako inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, Julie Makani na wenzake wa Muhimbili walichapisha mwaka 2011 kwamba tofauti za kurithi kwenye jeni ya BCL11A ni miongoni mwa sababu za wagonjwa kutofautiana kiasi cha F walichobakiwa nacho.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayochukua seli shina za mgonjwa, kuikata sehemu inayoiwasha BCL11A katika chembe nyekundu changa, na kuzirudisha mwilini baada ya uboho wa zamani kuuawa kwa dawa kali. Bei yake ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Dawa ya haidroksiyurea hupandisha F kwa njia rahisi zaidi, kwa kidonge cha kila siku. Majaribio yaliyofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kuchapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria kwa kiwango cha chini na walikufa wachache zaidi. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2014 inashauri watoto wenye selimundu waanzishiwe dawa hiyo wakiwa na miezi 9, hata kama bado hawajaonyesha dalili.